Mlinzi wa Mlango wa Nyuma

Kabla nguo haijaingia kwenye mashine, mifuko hukung'utwa. Ndiyo kanuni ya kwanza ya udobi, na binti ambaye wenzake wa kwenye gemu walimwita Dobi hakuwahi kuivunja. Alishakuta mifukoni meno ya bandia, picha za wanawake ambao hawakuwa wake wa wenye suruali, na siku moja yai la kuchemsha, bado la moto. Sare za walinzi wa ghala hazikuwa na visa. Zililetwa kila Jumatatu zikiwa zimefungwa furushi, na ndani ya kila koti mlikuwa na filimbi, kitana, pengine betri ya tochi. Miaka yote aliyofua koti la baba yake, vitu vilikuwa hivyohivyo.

Baba yake alilinda ghala hilo zamu ya usiku mpaka lilipoungua naye akiwa ndani. Kampuni ilisema alilala, akaacha jiko la chai linawaka. Ghala likajengwa upya, kubwa kuliko la kwanza, na getini ikabandikwa picha yake chini ya maneno USILALE KAZINI. Mama alianza kuzunguka njia ya mbali kwenda sokoni. Kuhusu marehemu mumewe hakusema lolote, na mtu akimpa pole aliipokea macho chini, kama anayesomewa mashtaka.

Dobi hakuwa na njia ya kuzunguka. Getini hapo ndipo alipopita asubuhi na jioni akienda na kurudi kazini, na tangu picha ile ibandikwe, hakutulia tena. Alikula amesimama. Usiku alihama kitanda, akaenda kwenye kochi, akarudi kitandani. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, alitafuta cha kukunja. Alikuwa na swali moja tu, na mtu wa kuulizwa alishazikwa: je, ni kweli alilala?

Mahali pekee alipoweza kukaa kitako ni ukumbi wa gemu, nyuma ya duka la vipuri. Gemu yao ilikuwa ya kufyatuliana risasi, watano kwa watano. Upande mmoja unataka kutega bomu kwenye mji wenye mnara na ghala, upande wa pili unalinda. Dobi alikuwa nahodha. Alikuwepo Kinyozi, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kufa, kwa sababu alipenda kuingia vyumbani peke yake. Alikuwepo Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa mbali akiwa na bunduki ndefu, akiwachungulia watu. Alikuwepo binamu yake Dobi, ambaye kila raundi alikuwa na kisingizio kipya. Wa tano alikuwa yeyote aliyepatikana, na yeyote aliyepatikana hakuwa kitu.

Walikuwa wamekwama daraja lilelile la viwango vya gemu muda mrefu. Mwalimu, ambaye hakuweza kuona kosa akalipita, akawalazimisha kutazama rekodi za mechi walizofungwa. Ilikuwa adhabu. Kinyozi alijiona akikimbia huku bunduki imeelekea chini, kana kwamba anatafuta sarafu, akaomba rekodi izimwe. Haikuzimwa. Basi wakajiwekea masharti. Bunduki ikae usawa wa kichwa cha adui hata kama adui hayupo. Kwenye hedfoni hakuna kulalamika wala kulaumiana. Unasema umeona wangapi, wapi, wanaelekea wapi, kisha unanyamaza. Na la mwisho, ambalo Dobi alilishikia bango: adui wakionekana upande mmoja, wote mnahamia huko. Asiyehama ametuua.

Jioni moja, saa ileile ambayo zamani alikuwa akitoka nyumbani kwenda zamu, baba yake aliingia ukumbini amevaa koti lake la kazi, akavuta kiti cha tano, akaketi.

Dobi alimwamkia. Aliitikia marahaba, akauliza kama mama mtu hajambo. Mwenye ukumbi alisema hana neno na mteja yeyote, ila mzee ananuka moshi, na angemshukuru akikaa karibu na dirisha. Mzee akasogea. Masizi ya vidole vyake yalibaki kwenye kibodi, kwa hiyo kikaletwa kitambaa kibichi, na tangu siku hiyo kitambaa hicho kikawa chake.

Swali lake, Dobi alilimeza. Mbele za watu baba haulizwi kama alilala.

Walimweka mzee kulinda ghala la kwenye gemu, kwenye mlango wa nyuma, na hapo ndipo timu nyingine zilipokiona cha moto. Hakuwa na kasi, lakini alikuwa na masikio. Alitofautisha hatua za anayekimbia na za anayenyata, za zege na za mbao, na hakuchoka kungoja. Wenzao walizoea kusikia sauti yake ya kikohozi ikisema, "Wawili, wanakuja, mmoja anasitasita," na kabla Kinyozi hajageuka, wote wawili walikuwa chini. Binamu alikosa visingizio. Wakapanda daraja, wakapanda tena.

Kisha wapinzani wakamsoma. Waliacha kwenda ghalani, wakaenda mnarani wote watano, na mzee hakuhama. Dobi alimwamuru kwa heshima zote anazopewa baba. Mwalimu alimwonyesha kwenye rekodi, akisimamisha picha, akinyoosha kidole. Mzee alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, na raundi iliyofuata alisimama palepale mlangoni, akiwa mzima, bila jasho, huku mnara ukilipuliwa. Kinyozi alisema, si kwa sauti ya chini, kwamba labda mzee amelala. Dobi akamtazama kwa namna ambayo Kinyozi alimaliza mechi nzima akisema tu wangapi na wapi.

Usiku ule Dobi alihama kitanda mara nyingi kuliko kawaida. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkasirisha, kwa sababu hata yeye, kwa dakika moja, alikuwa amewaza hivyo.

Mashindano ya mtaa yaliandaliwa na kampuni ya ghala, iliyotaka jina lake lipendwe. Yalifanyika mchana wa Jumamosi ndani ya ghala lenyewe jipya, viti vikiwa vimepangwa katikati ya magunia, na spika kubwa zikitoa sauti za wachezaji ili watazamaji wafaidi. Msajili alipitia kanuni, akasema hakuna panapokataza marehemu. Meneja, mtu mnene mwenye shada la funguo kiunoni, alikuja kusalimia timu. Alimtambua mzee mara moja. Alimwambia habari za siku nyingi, kisha akamkumbusha kwamba lile koti ni mali ya kampuni na lilipaswa kurudishwa. Mzee alisema samahani. Meneja alisema si neno, likirudishwa liwe limefuliwa.

Walifika fainali. Walifika raundi ya mwisho wakiwa wamelingana na wapinzani, na Dobi alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, mguu huku, mguu kule, hedfoni zikimteleza.

"Watano, mnarani," alisema Mwalimu. "Wanatega."

"Wote hameni," alisema Dobi.

Kinyozi akahama, binamu akahama. Kwenye skrini, alama ya mzee ilibaki mlangoni.

"Baba, toka hapo. Nakuomba."

"Siwezi kutoka, mwanangu," alisema mzee, na spika zikalipeleka neno mpaka kwenye dari. "Pamefungwa kwa nje. Meneja hutufungia jioni, ufunguo anaondoka nao, tusije tukala njama na wezi. Nyinyi pitieni huko, mimi nitapiga filimbi."

Dobi aliacha kutingisha goti.

"Hukulala," alisema.

"Nilale wapi, na moshi ule? Nilipiga filimbi mpaka pumzi ikaniishia. Jiko halikuwa langu hata. Moto ulianzia kwenye waya wa umeme."

Watazamaji walisikia wote. Mmoja alimwambia jirani yake asogeze kichwa, kinamzibia skrini. Meneja alikuwa akitafuta kitu kwenye simu.

Mnarani zilikuwa zimebaki sekunde za kutosha kutegua bomu kama nahodha angeingia na wenzake. Alijua hivyo kuliko mtu yeyote mle ndani. Sharti alilitunga mwenyewe. Kwenye skrini akageuka, akakimbia kwa nje ya jengo, akizunguka ukuta mrefu wa ghala. Mlango wa nyuma wa gemu ile ni wa mbao na hauna kufuli. Hufunguka kwa kubonyeza herufi moja, toka upande wowote. Mzee hakuwahi kujaribu. Dobi akabonyeza.

"Njoo," alisema.

Mzee alitoka. Alisimama kwenye jua la gemu, akatazama juu, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyeshuka kituo kigeni. Nyuma yao mnara ulilipuka, na wapinzani wakaanza kukumbatiana.

Meneja aliwagawia washindi wa pili fulana. Alipofika kwa Dobi, Dobi alimwambia kwamba baba yake hakulala, na picha ya getini iondolewe. Meneja alisema hayo ni maneno ya kwenye gemu, bibie, na mambo ya gemu yana raha yake. Alimpa mkono, akaenda kufunga milango, funguo zikilia kiunoni.

Nyumbani mama alikuwa akichambua mchele. Dobi alimwambia yote akiwa amesimama. Mama hakuacha kuchambua, ila machozi yalimshuka, akayaacha yashuke.

"Hakulala," alisema.

"Hakulala, mama."

"Keti basi ule."

Dobi akaketi, akala.

Mzee bado huja ukumbini jioni. Siku hizi huhama vizuri, pengine upesi kuliko Kinyozi, na timu imepanda daraja jingine. Akiwekwa kulinda ghala, kwanza huufungua mlango wa nyuma na kuuacha wazi. Mwalimu anasema ni kosa la kiufundi. Dobi ameliruhusu.

Picha iko getini. Mama amerudia njia ya karibu, na akifika hapo husimama, huitazama, hurekebisha kitenge chake, huendelea na safari.

Jumatatu furushi la sare lililetwa kama kawaida. Koti la mlinzi mpya wa usiku lilikuwa juu, bado lina joto la mwili. Dobi alikung'uta mifuko: filimbi, kitana, betri ya tochi. Akaikung'uta tena, akaingiza vidole mpaka kwenye pindo; ufunguo haukuwemo. Kisha akaisafisha ile filimbi kwa kitambaa, akaipuliza kidogo kuona kama inalia, akaiweka pembeni, akalitia koti kwenye mashine.