Siku Maktaba Ilipovalishwa Kaki

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hayo ni ya mgeni wa kawaida. Mgeni wa serikali akija, mwenyeji kwanza huugua, na kupona ni majaliwa.

Mkutubi wa maktaba ya mtaa aliugua tangu simu ilipoingia Jumatatu. Aliambiwa wakaguzi wa ruzuku watafika Alhamisi, waione maktaba kwa macho yao, ndipo waamue. Ruzuku hiyo serikali iliitenga kwa maktaba ndogo kama yake, na yeye aliiomba ili lile darasa la kusoma la watu wazima lipate mwalimu wa kulipwa, watoto wapate vitabu vya hadithi na mikeka ya kukalia, na ipatikane baiskeli ya magurudumu matatu ya kuwapelekea vitabu wagonjwa na wazee wasiotoka ndani. Akiikosa, basi tena. Halmashauri ilikwisha kumwambia kwamba chumba kile hawakiwezi; mwaka ukiisha watakifunga, wawekemo matairi na viti vibovu.

"Matairi!" alimlalamikia wifi yake, mke wa kaka yake, mshonaji ambaye duka lake linatazamana na mlango wa maktaba. "Wifi, hapo unapojifunzia kusoma patalala matairi."

"Yatalala kwako, si kwangu," wifi alijibu, pini amezibana midomoni. "Mimi nimeshafika kwenye kusoma sentensi, sirudi nyuma. Tulia wewe. Mgeni anakuja, na sisi ni watu, si mawe. Niachie mimi."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na mamake alikuwa mapenzi. Wifi akikwambia niachie mimi, mwachie, lakini lala jicho moja wazi. Mkutubi aliyafumba yote mawili. Jumatano alimwachia wifi ufunguo mmoja, akaenda halmashauri kufuata muhuri wa fomu za ruzuku, akakalishwa benchi kutwa, na aliporudi miguu ilimpeleka nyumbani moja kwa moja.

Alhamisi asubuhi alifungua mlango wa maktaba, akadhani amekosea nyumba.

Sakafu iling'aa mpaka akaiona sura yake. Meza iliyolika kwa viwiko vya wasomaji ilitandikwa kitambaa cha maua, na juu yake maua mengine ya plastiki. Viti vilipangwa ukutani kimya kimya, kama vinangoja kuposwa. Michoro ya watoto ilibanduliwa yote. Na rafu! Rafu zake, ambazo siku zote zilikuwa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayebadili meno, zilijaa pomoni. Kila kitabu kilichokuwa mitaani kilikuwa kimerudi, hata vile alivyokwisha kuvikatia tamaa. Kila kimoja kilivalishwa jalada jipya la karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo vya nguo, pembe zimekunjwa kwa mkono wa fundi. Vyote sare, kama askari kwenye gwaride. Hakuna mgongo uliokuwa na jina.

"Wifi! Mmefanya nini?"

"Swali gani hilo? Tumekusitiri." Wifi alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa kipya kichwani. "Darasa zima la watu wazima lilikuwa hapa jana, vidole vimetuota sugu. Kwani ulikuwa huoni aibu? Kitabu hiki kina unga, kile kina grisi, kile mtoto amekitapikia. Nani humpokea mgeni na nguo chafu?"

"Na watu wako wapi?"

"Nimewakataza wasikanyage. Watoto nimewakalisha kwangu uani. Leo humu hata inzi anaomba ruhusa."

Mkutubi alitaka kucheka, akataka kulia, na kabla hajachagua, gari likasimama nje.

Wakaguzi walikuwa wawili: mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, na bwana mmoja mrefu mwenye kamera na asiye na maneno. Mama mkaguzi alizunguka chumba, viatu vyake vikilia ko, ko, ko. Akapitisha kidole kwenye rafu, akakitazama.

"Pasafi," akasema.

"Ahsante, mama."

"Pasafi mno." Akakaa. "Dada yangu, nitakwambia ukweli maana sikuja kukudanganya. Maktaba nimeziona nyingi. Iliyo hai ina kelele, ina kitabu kimelala kifudifudi mezani. Hii yako imepambwa kama chumba cha bibi harusi, lakini bwana harusi hajulikani alipo. Vitabu vyote vipo. Nani anavisoma?"

"Vinasomwa, mama. Siku nyingine usingevikuta hapa."

"Haya, nipe kile kinachopendwa kuliko vyote."

"Ni cha ufugaji wa kuku," mkutubi alijibu upesi, akageukia rafu. Kaki. Kaki juu, kaki chini. Akachomoa kimoja: hesabu. Akachomoa kingine: kamusi. Akahama rafu, akachomoa kwa mikono miwili: hesabu tena, na cha kulea mimba. Yule bwana mrefu akakohoa.

"Kitabu kinachopendwa kuliko vyote," mkaguzi alisema taratibu, "na mwenye maktaba hajui kilipo."

Dirishani vichwa vilikuwa vimeanza kuota. Cha wifi kilikuwa cha mbele, na uso umeanza kumshuka. Mkutubi aliuona. Angeweza kusema, si mimi, ni hawa. Maneno yalimfika kwenye meno, yakagotea hapo hapo. Watu wale walimpa heshima kubwa kuliko zote walizozijua. Kuwasema mbele ya mgeni ni kutemea mate chungu ulichopikiwa. Lakini akinyamaza, matairi hayo yanakuja.

Akaenda mlangoni, akafungua mbao zote mbili.

"Jamani! Aliyeleta kitabu, aje achukue kitabu chake."

Wifi akamdaka mkono. "Wifi, sakafu! Wataichafua!"

"Waichafue, wifi yangu. Deki nitapiga mwenyewe."

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi baiskeli, ambaye mtaa mzima humwita Grisi, na ukiiona mikono yake huulizi kwa nini. Mama mkaguzi alivuta sketi kando. Grisi alisimama mbele ya rafu, akainama, akawa anatazama kingo za kurasa, ambako karatasi ya kaki haikufika. Akachomoa kimoja chenye kingo nyeusi tititi, akachana kaki.

"Hiki hapa! Cha kuku. Vidole vyangu nitavikosaje?" Akamgeukia mkutubi. "Naomba nikimalize, dada. Nimebakiza magonjwa tu."

"Umalize nini?" Sauti ilitoka nyuma, ya mama muuza mkate, anajipenyeza kwa bega. "Zamu yako imekwisha kitambo! Kuku wangu wanapiga chafya, wewe unasoma polepole kama mtu anayechambua mwiba wa samaki!"

"Kuku wako wanapiga chafya kwa unga wako, mama, si kwa ugonjwa."

"Mwone huyu! Tangu lini fundi wa mnyororo akawa daktari wa kuku?"

"Tangu nilipokiazima."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikawaingiza ndani wote kwa pamoja. Chumba kikajaa sauti ya kaki ikichanika. Kila mtu alikuwa na alama yake. Huyu alikijua cha kwake kwa unga, yule kwa pembe iliyotafunwa na mbuzi. Watoto nao waliruka ukuta wa uani, wakaja kutua sakafuni kwa makundi, kitabu kimoja vichwa vitano. "Taratibu! Pembe zangu!" wifi alipiga kelele, hasikilizwi na mtu.

Babu mmoja mstaafu aliipata riwaya yake, akaibusu. "Niliachia pale mume anarudi nyumbani."

"Usiendelee!" kijana muuza simu akaziba masikio. "Mimi sijafika!"

"Anarudi, lakini anakuta..."

"Babu, nakuomba!"

"Anakuta nini?" aliuliza mama mkaguzi. Hata yeye alishangaa kujisikia.

Babu akamtazama juu mpaka chini. "Mama, shika foleni. Wapo wengi kabla yako."

Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamrukaruka kifuani. Alipotulia, aliokota kipande cha kaki sakafuni. "Sasa niambieni. Vazi hili ni la nani?"

Mkutubi akainamisha macho, hakumtaja mtu. Wifi ndiye aliyesogea mbele.

"Ni langu, mama, na la darasa letu la watu wazima. Tulitaka mgeni ajue tuna heshima."

"Na wewe unasoma hapa?"

"Nasoma. Zamani nilikuwa naandikiwa majina ya wateja, sasa nawaandika mwenyewe."

"Anakufundisha nani?"

"Wifi yangu huyu. Mshahara hana, fimbo hana, ila ulimi Mungu amemjalia."

Mama mkaguzi alikichukua kitabu cha mapishi kutoka mikononi mwa muuza mkate, akakifungua, unga ukamrukia puani, akapiga chafya mbili.

"Kama kuku wangu!" muuza mkate akasema.

"Piga picha hiki," mkaguzi alimwamuru mwenzake, macho yanamtoka machozi. "Na kile cha grisi. Na sakafu hii ilivyo sasa, usiiache."

Yule bwana mrefu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. "Nimekwisha kupiga, mama. Ila nauliza, hiki cha nyuki naweza kukiazima, au mpaka niwe mkazi?"

Wakati wa kuaga, mkaguzi alimshika mkutubi mkono. "Siahidi kitu. Nitaandika nilichokiona tu. Na nilichokiona ni watu wazima wanagombea kitabu."

Zikapita wiki za kungoja, nazo tuziache huko ziliko, maana kungoja hakuna hadithi. Simu ilimkuta mkutubi kwa msusi, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili umesimama kama pori.

"Mmepata," sauti ikasema. "Yote mliyoomba."

Hakumbuki aliinukaje. Alijikuta yuko barabarani anakimbia, chanuo limesimama kichwani, na msusi nyuma yake anapiga mayowe: "Dada, rudi! Watu watasema ndivyo ninavyosuka!"

Wifi alitoka dukani na utepe wa kupimia shingoni. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Tumepata!"

Wifi alipiga kigelegele cha kupasua bati. Grisi, badala ya kuuliza, alianza kugonga kengele za baiskeli zote zilizokuwa zinangoja matengenezo, na mtaa ukalia kama harusi kumi zimekutana njia panda. Muuza mkate aliacha beseni lake wazi, ale atakaye. Wote wakaingia maktaba, kwa kuwa furaha ile haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mkutubi alisimama mbele yao, chanuo bado kichwani.

"Sema basi, mwalimu," wifi akamhimiza.

"Darasa..." alianza. "Darasa ni kesho."

"Kesho ya nani? Leo!"

Wakavuta viti, wakakaa. Basi naye akachukua kitabu, akaanza kuwasomea kwa sauti, na msusi akasimama nyuma yake, akaendelea kusuka alipoachia.