Jina la Lyle Kubicek Ukutani

Mimi husoma kila muswada. Tangu nilipostaafu ukapteni wa kituo cha nne, chama cha wazimamoto cha jimbo letu hunituma bungeni kila Januari mpaka Mei, na katika miezi hiyo hupita miswada zaidi ya elfu moja. Vijana wa chama husoma ile inayotaja moto tu. Mimi husoma hata ya ufugaji nyuki. Sheria nilijifunza shule ya usiku kwa miaka sita, na sioni haya kusema kwamba mawakili wanaonizidi pale ni wachache.

Ndivyo nilivyomnasa Seneta Royce Tillinghast.

Lyle Kubicek alipanda nami gari moja la zimamoto miaka ishirini na sita. Kansa ya koo ikammaliza. Mazishini Tillinghast alisimama kando ya jeneza, akamwita shujaa, akafuta machozi mbele ya kamera. Wiki tatu baadaye muswada wetu, wa kuihesabu kansa ya mzimamoto kuwa imetokana na kazi, ulifika kwenye kamati aliyoiongoza. Hakuupangia siku ya kusikilizwa. Mwenyekiti akifanya hivyo, muswada hufa na hakuna aliyeonekana akiupinga. Aliuua hivyo mwaka ule, na uliofuata, na mwingine tena. Bila sheria ile, jina la Lyle lisingechongwa kwenye ukuta wa wazimamoto waliofia kazini, pale nje ya bunge. Arlene, mjane wake, hakutaka kingine.

"Hivi shemeji," aliniuliza Februari, akinikatia pai ya cheri jikoni kwake, "yule baba ana nini na Lyle wangu?"

"Hana kitu na Lyle. Rafiki zake ni watu wa bima, na hao ndio wangelipa fidia."

"Basi na afe."

"Asife. Nataka awepo aone."

Machi nikakuta muswada wa Tillinghast mwenyewe. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na alitaka wazimamoto wapewe vibao maalumu vya namba za magari, vyenye picha ya kofia yetu. Kwetu muswada hauruhusiwi kubeba jambo lililo nje ya kichwa chake. Mtu mwangalifu angeandika kwamba unahusu vibao, basi. Yeye kwa kupenda makuu aliandika kwamba unahusu heshima na maslahi ya wazimamoto. Mlango mpana ule ungepitisha gari la zimamoto na ngazi zake.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Seneta Gwen Bachmeier, mkulima wa mahindi asiyempenda Tillinghast.

"Tuupachike muswada wenu humo sasa?" akauliza.

"Bado. Mjadala haujafunguliwa, anaweza kuuondoa muswada wake. Ukishafunguliwa, hana pa kutokea."

Asubuhi ya mjadala, Tillinghast alikuwa amewaalika wazimamoto mia mbili waje na sare za heshima, apige nao picha. Roshani ya wageni ilijaa. Nilimketisha Arlene mstari wa mbele. Mjadala ulipofunguliwa, Bachmeier akaleta marekebisho: muswada wetu mzima, pamoja na kifungu cha waliokufa ndani ya miaka mitano iliyopita. Niliona maseneta wakitazama roshani kabla ya kubonyeza vitufe. Marekebisho yalipita kwa tofauti ya kura tatu, kisha kikao kikapumzika dakika kumi kabla ya kura ya mwisho.

Tillinghast alinikuta koridoni, uso mwekundu.

"Orval, mzee wangu, huu ni unyama."

"Umechelewa kugundua."

"Sikiliza. Ondoeni hicho kifungu cha marehemu. Walio hai wabaki, nami nawaletea kura kumi zaidi. Mkikataa, nawaambia watu wangu waangushe vyote."

Niliwafikiria vijana wa kituo cha nne, wanaovuta moshi uleule. Kura tatu si kitu. Mtu mwema angekubali.

"Nenda kauangushe," nikamwambia. "Muswada wako mwenyewe. Wapo mia mbili kule juu, uliwaita wewe."

"Wewe umekuwa mwehu."

"Na wewe umebakiwa na dakika saba."

Kwa desturi, mwenye muswada ndiye husoma muhtasari na kuomba kura ya mwisho. Nilikuwa nimerudi roshani kando ya Arlene Tillinghast aliposimama. Kwa marekebisho yale Bachmeier alikuwa ameutia muswada jina jipya. Alipolifikia alitazama juu. Arlene alikuwa amesimama. Wazimamoto wote wakasimama naye.

"Itaitwa Sheria ya Lyle Kubicek," alisoma. "Naomba kura ya ndiyo."

Kwenye ubao wa kura, taa ya jina lake ikawaka kijani. Watu wake wakamfuata mmoja mmoja.

Arlene alinibana mkono mpaka ukaniuma. "Umesikia alivyolitamka? Utadhani anameza mwiba."

"Nimesikia, shemeji. Nitaomba nakala ya kanda ya kikao."

Jina lilichongwa Septemba, siku ya mvua. Arlene alikaa mbele, chini ya turubai pamoja na familia. Tillinghast alikuja bila kualikwa, na mpiga picha wake, akasimama nyuma karibu nami, maji yakimtiririka shingoni. Mwavuli wangu ni mkubwa, unatosha watu wawili.

Nilisimama katikati yake, peke yangu.