Mdomo wa Mzee Polikarp

...na maji haya ya vuguvugu yasije yakaisha kabla mikono hii haijatakata, aliwaza Egidi, ameinama, jagi mkono wa kulia na beseni mkono wa kushoto, maana mikono ya baba mdogo Joachim ni mikono ya mtu wa tumbaku, nyufa zake nyeusi hazijui sabuni, kule Namtumbo wanaume wengi wana mikono ya namna hii, hata baba, marehemu Valeriani, alikuwa nayo, vidole vilevile, kucha zilezile... usitazame vidole, Egidi, mwaga maji, mgeni ni mgeni hata akiwa huyu, shikamoo umeshampa pale mlangoni, sasa maji yanakushinda nini, na mama yuko nyuma yako anaongea bila kituo, "...basi shemeji, mwanao huyu ndiyo kazi yake, muvi za Wakorea anazitia Kiswahili, ndizo hizo wanaziweka kwenye flashi pale Majengo, hata huko kwenu lazima mmemsikia," na baba mdogo anaitikia, "Ehee, tumemsikia, shemeji," bila kugeuza shingo, macho yake yamenasa kwenye bakuli lililofunikwa katikati ya mkeka, na Egidi anajua anawaza nini, kwa sababu na yeye anawaza hicho hicho, ugali na maharage, Jumapili nzima hii, mgeni kaja, jogoo anawika uani mzima wa afya, na mama Beata kapika ugali na maharage, wala hakupitiwa, mama hapitiwi kwenye mambo ya chungu, kapika chakula kilekile cha siku ile... siku ile ya matanga ya baba, miaka kumi na mmoja sasa, Egidi yuko kidato cha pili, watu wamejaa uwanjani kwa babu, mama na macho yake yaliyovimba kapika vyungu vitatu, kamwandalia shemeji yake sahani kwa mikono yake mwenyewe, na shemeji mtu akasimama, akaiinua juu ili wote waione, akaigeuza, ugali ukaanguka mavumbini pwaa, "Sili chakula cha mwanamke aliyemla kaka yangu!" na hakuna aliyeuliza ana maana gani, neno mchawi halihitaji kutajwa ili lisikike, mmoja akasukuma sahani yake, na mwingine, na mwingine, vyungu vitatu vikapoa vimejaa, na mwezi haukuisha mama na mwanawe walikuwa wamehamia mjini, Bombambili, chumba kimoja, godoro moja, na tangu hapo hakuna mtu wa Namtumbo aliyetia tonge la mama Beata kinywani, hata mmoja, kwa hiyo leo si chakula hiki, leo ni kesi, baba mdogo akila, mama si mchawi, akisema nimeshiba, shemeji, nilikula njiani, basi mama anakuwa mchawi mara ya pili, tena ndani ya nyumba yake, na safari hii kosa litakuwa la nani... lako, Egidi, lako wewe na Mzee Polikarp wako.

Ni yeye mama aliyembatiza mzee huyo, maana mama majina ya Kikorea hayamkai mdomoni, ana majina yake, yule anayemgawia adui maji ni Fransisko, yule dada anayemlea mtoto wa mke mwenzie ni Renatha, anakaa mbele ya runinga na rozari mkononi anapiga makofi, "Huyo Mkristo huyo, hata kama padri hajamfikia!" na Egidi humcheka, mama, hao watu wanalipwa, wanaigiza, na mama humjibu kwamba hata kuigiza wema lazima kuwe na mtu aliyewahi kuuona, sasa nikiuona usinikataze kumshukuru Mungu... na Polikarp ndiye mzee wa kibanda cha supu katika ile muvi ya mapanga, mtu aliyemchomea nyumba anaingia usiku amelowa mvua, mzee anamtazama, anachota bakuli la supu, anamwekea mezani, kimya, maandishi ya chini hayapo, hakuna la kutafsiri, na Abdulhamid, mwenye mashine ya kurekodia, amevua spika za masikioni anafoka, "Usiniachie kimya, Egidi, kimya kinawachosha watu, tia neno!" na Egidi akatia neno, wallahi halikuwepo, kama anavyosema Abdulhamid akinaswa, alilitoa hewani tu, "Kaa ule kwanza, mengine tutayaongea tukishashiba," basi, wakaendelea na mapanga yao, lakini mama alipoiona hakupiga makofi, akairudisha, akaitazama tena, akairudisha, mara ya tatu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga akasema, "Mwanangu, nipigie baba yako mdogo, mwambie aje ale kwangu," na Egidi, mwenye mdomo wa kuwasemea Wakorea wote, akakosa neno hata moja, alitaka kusema mama, lile neno la uongo, mzee hakusema kitu, nimelitunga mimi, na mimi mwenyewe huyu mtu sijamsamehe, sijui kama nitaweza, akapiga simu, ikaita, ikapokelewa, na haya ndiyo matokeo, mikono ya tumbaku ndani ya beseni, maji yamegeuka kahawia, mama kasimama juu ya ubao uliooza na aliyeutandika ni mwanawe.

"...lakini mdomo wake ulikuwa umefumba, shemeji," mama anasema, na Egidi akashtuka, maji yakamwagika pembeni, mdomo wa nani, "...nimemtazama mara tatu, Polikarp wa watu hakufumbua mdomo hata kidogo, sauti inatoka lakini mdomo umefumba, nikasema aa, hili neno si lake, hili la mwanangu, kumbe mwanangu ameshasamehe, mimi zamani nilishasamehe, nilikuwa namngoja yeye tu, siwezi kukuita nyumbani naye ana donge," na ile sauti yake ina furaha, furaha kabisa, Mungu wangu, kumbe mama hakudanganyika, alijua, hakumfuata Polikarp, alimfuata yeye Egidi, na mwenyewe yuko hapa na donge lake limekaa palepale... limekaa? mbona analitafuta halipati vizuri, na lile neno alilitoa wapi, hewani, hewa haisemi hivyo, hewa ya Abdulhamid inanuka waya za moto tu... hapana, ni siku ile, siku ileile, Egidi kashika panga, anatetemeka, anamtafuta baba mdogo nyuma ya mabani ya kukaushia tumbaku, na mama ametoka jikoni na sahani, vumbi bado liko magotini kwake alipopiga magoti kuokota ugali, akamshika mkono wenye panga kwa upole kama anayemwamsha mtoto, akasema, "Kaa ule kwanza, mengine tutayaongea tukishashiba," na yeye alikaa, alikula, peke yake kati ya watu wote wale, na hayo mengine hawakuyaongea kamwe, panga lilibaki kwenye majani, leo angekuwa gerezani, leo asingekuwa na sauti ya kumpa Mkorea yeyote, na hakuwahi kumwambia asante... asante, mama, asante Mungu kwa mama huyu, asante hata kwa Abdulhamid anayechukia kimya, neno limezunguka Korea nzima limerudi kwa mwenyewe, na mikono hii chini ya maji inatetemeka, Egidi anaiona sasa, baba mdogo anatetemeka kama yeye alivyotetemeka na panga, anainuka kwa magoti, maji yanamchuruzika viwikoni, anataka kusimama kama alivyosimama siku ile, "Shemeji, kabla sijala... siku ile mimi... mbele ya watu..." na mama kanyamaza, kimya, maandishi ya chini hayapo.

"Kaa ule kwanza, baba mdogo," Egidi akasema, jagi lingali mkononi, na akasikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka. "Mengine tutayaongea tukishashiba."

Na mama akafunua ugali.