Jua la Mwezi wa Sita

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, jirani aliyekwenda kuomba chumvi kwa mama Atuganile, huko Iyunga, Mbeya, aligonga mlango asiitikiwe. Alipochungulia dirishani alimwona mama wa watu amelala sakafuni, jiko la mkaa bado linawaka pembeni ya kitanda, na madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya baridi. Akaita wenzake, wakavunja kitasa, wakamtoa nje kwenye hewa. Mchana alikuwa ameshazinduka, lakini kichwa kilimgonga wiki nzima.

Mwanawe Asukile na mkewe Lea walipanda basi kutoka Iringa siku ileile. Asukile hakutaka maneno mengi.

"Mama, funga mizigo. Tuna chumba Kihesa."

"Kwani Iringa hakuna baridi?" mama akauliza. "Baba yako amezikwa hapa. Migomba yangu iko hapa. Nitakuja kuwasalimia, ila kuhama, hapana."

Lea alikuwa mhandisi wa majengo. Wakati mama na mwana wakibishana, yeye alikuwa akipapasa ukuta wa chumba. Tofali za saruji, nyembamba, zilikuwa na unyevu kama chupa iliyotoka kwenye friji. Madirisha yote yalitazama kusini, barabarani, na mwezi wa sita jua hupita upande wa kaskazini.

"Mama," akasema, "nitakujengea nyumba nyingine hapahapa uani. Ndogo tu. Isiyohitaji jiko chumbani."

Atuganile alimtazama mkamwana wake kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto aliyeahidi kukununulia gari akikua.

"Haya, mama Tumpe. Ndaga fijo," akamshukuru kwa Kinyakyusa, akimwita kwa jina la mjukuu.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Lea alirudi kupima kiwanja, kisha akaenda kuichora nyumba huko kwake Kihesa: vyumba viwili na sebule, madirisha makubwa upande wa kaskazini, kuta nene za kulishika joto la mchana na kuliachia jioni. Mvua za mwezi wa nne zilipokatika, fundi Shedrack alileta mashine ya kushindilia tofali kwa mkono. Wakachimba udongo mwekundu palepale uani, wakauchanganya na saruji kidogo, wakaanza kufyatua.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja juu.

"Udongo? Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya udongo, nikaikimbia. Watu wote Iyunga wanajengea tofali za kuchoma, mimi nirudishwe kwenye udongo?"

"Kuchoma tofali za nyumba hii kungemaliza lori zima la kuni, mama. Hizi hazichomwi. Zinamwagiliwa maji siku saba, zinakomaa zenyewe."

"Na mvua ya huku unaijua wewe Mhehe?"

Lea alichukua tofali moja lililokomaa, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaikabidhi ndoo kwa mama mkwe. Siku ya kwanza Atuganile alilichungulia mara tano. Siku ya pili alilibonyeza kwa kidole. Siku ya nne alilitoa, akalipiga na mchi, kisha akaenda kwa Shedrack bila kumtazama Lea usoni.

"Hayo ya pale nyuma hujayamwagilia," akasema. Tangu siku hiyo kazi ya kumwagilia ikawa yake.

Mwezi wa sita Lea alichukua likizo akaja kusimamia msingi. Shedrack alikuwa amechimba siku tatu, mtaro umekaribia kumalizika. Atuganile alikaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Saa mbili alikuwa karibu na banda la kuku. Saa tatu akasogea kidogo, saa nne akasogea tena, kila mara anafuata jua. Lea, aliyekuwa amejikunyata ndani ya koti lake karibu na mtaro, akamuuliza:

"Mama, mbona huji kukaa huku nyumba yako inapojengwa?"

"Huko? Jua linafika huko saa tano, mwanangu. Mikaratusi ya Ezron inalizuia. Kila kipupwe ndivyo ilivyo."

Lea aliinua macho. Nyuma ya ua wa jirani ilisimama mikaratusi sita mirefu, na kivuli chake kilikuwa kimelala sawasawa juu ya sebule aliyoichora. Alipopima mwezi wa pili, jua lilikuwa upande mwingine na kivuli kiliangukia kwa Ezron mwenyewe. Kwenye michoro yake miti ile haikuwamo kabisa.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Wewe ndiye injinia. Nilijua umeshaipigia hesabu."

Lea aliketi juu ya lundo la udongo. Uso ulimwaka kwa aibu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Nyumba ingepata joto la mchana tu, lakini asubuhi, wakati baridi ya Mbeya inapouma zaidi, mama angerudisha jiko chumbani.

"Nimekosea," akasema. "Shedrack, samahani. Tuufukie huu mtaro."

Shedrack aliweka sepetu chini. "Siku tatu, injinia!"

"Fukia, baba," Atuganile akasema. "Leo nawapikia ndizi na nyama."

Kisha akaja, akaketi juu ya udongo ubavuni mwa Lea na kumwekea mkono mgongoni.

"Nyumba hii kubwa inayotoa jasho aliijenga marehemu. Nilimwambia, hapo tutaganda. Akaninunia mwezi mzima, akajenga vilevile." Akacheka hadi akakohoa. "Wewe hata siku moja hukununa."

Kesho yake walishinda uani wawili. Atuganile alitembea kwenye ukingo wa kivuli akionyesha kwa fimbo, Lea akipigilia vigingi nyuma yake, saa baada ya saa hadi saa tisa. Walipofunga kamba, nyumba ilikuwa imehamia hatua kumi na moja magharibi, mahali Lea alipopanga bustani ya mboga.

Mwezi wa kumi nyumba ikaezekwa, dari ikapigwa mbao za paini kutoka Nyololo. Kipupwe kilichofuata mkaa uliishia kwenye banda la kupikia, na mama alianza kulalamika kwenye simu kwamba wageni hawaondoki.

Lea alielewa alipokwenda kumsalimia mwezi wa saba. Akina mama wa jumuiya ya kanisa lake walikuwa wameacha kuzunguka nyumba kwa nyumba; kila ibada ilikuwa kwa Atuganile, na wengine walikuwa wamevua makoti. Lea alisimama mlangoni, asijue akae wapi. Mama mkwe alimvuta mkono, akambana katikati yake na mwenzake.

"Huyu ndiye mama Tumpe wangu," akawaambia.

Wakaanza wimbo wa Kinyakyusa. Lea hakuujua. Atuganile alimnong'oneza maneno sikioni, mstari mmoja mmoja, na Lea akaimba akiwa nyuma ya wenzake, akikosea kila neno la tatu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.