Kamba Wanapanda Bomba

Walipogombana, mapacha Kurwa na Doto waligawana banda. Kurwa alichukua vitanda vya mboga vilivyokuwa juu. Dada yake, Doto, alibaki na tangi la chini, lenye kamba wa maji baridi. Hawakuweza kugawana pampu. Iliyavuta maji machafu ya kamba, ikayapandisha kwenye mizizi ya saladi, mizizi ikayachuja, yakarudi chini safi. Watu wamenuniana, maji yanazunguka kati yao kama mtoto wa wazazi walioachana.

Asubuhi hiyo Doto alifungua mlango wa banda akasikia mkwaruzo. Kamba walikuwa wametoka majini. Waling'ang'ania bomba, wamepandana migongo, makucha ya buluu yakipapasa hewa. Juu kabisa walikuwa majike wenye mayai chini ya mkia. Hao ndio mbegu yake yote. Wakifa hao, hana pa kuanzia.

Alichota maji akanusa. Hayakunuka. Pampu ilivuma vizuri, mapovu yalitoka kama kawaida. Hapakuwa na kilichoharibika.

Kurwa alikuwa kwenye vitanda vyake, anafuta majani kwa kitambaa.

"Kurwa."

"Leo nimekuwa mtu, naitwa."

"Kamba wangu wanayakimbia maji."

"Waulize wamekosana na nani. Mimi mboga zangu hizi hapa, zimenawiri kama bibi harusi. Hata mdudu wa dawa humpati."

Doto alitazama. Jana vidukari vilijaa chini ya kila jani, vyeusi kama masizi. Leo majani yaling'aa.

"Umepuliza nini?"

"Dawa, jana jioni. Huku juu, kwangu. Kwako sijadondosha hata tone."

"Na ikichuruzika kwenye jani inakwenda wapi, Kurwa?"

Kurwa aligeuka. Macho yake yakalifuata bomba, kutoka kitandani, ukutani, hadi chini kwenye tangi. Kitambaa kikamtoka mkononi.

Doto hakusubiri. Aliburuta pipa la maji ya akiba, akaanza kuwabandua majike mmoja mmoja. Wa kwanza alirusha miguu. Wa pili hakushika hata kidole cha Doto. Kurwa alipiga magoti kando yake, akaanza kupokea. Walifanya kazi bega kwa bega kama zamani, mpaka Doto aliposimama ghafla na kamba mkononi.

Kona ya kitanda cha mwisho ilikuwa wazi. Vilibaki vikonyo tu, vimekatwa kwa kisu.

"Nani amevuna?"

Kurwa aliinua macho. Ng'ambo ya ua, dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Wagomvi wangu," mama yao aliita, "njooni mle. Saladi ya leo safi kabisa, hata kuosha sikuosha."

Alikuwa akisema huku anatafuna.