Hundi ya Mama Mapacha

Karani wa benki aliigeuza hundi huku na huku kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha akaisukuma irudi chini ya kioo.

"Jina halilingani, mama."

"Halilingani na nini?"

"Na pasipoti yako. Pasipoti ina majina matatu. Hapa pameandikwa Mama Mapacha."

"Ndiyo mimi. Nyumbani hata mbwa wa jirani ananijua kwa jina hilo."

"Benki haina mbwa, mama," karani akasema, wala hakuwa anatania. Akaeleza kwamba hata jina lingekuwa sawa, hundi ya nchi nyingine hailipwi papo hapo. Hurudishwa kwanza benki iliyoitoa, ithibitishwe, ikatwe ada. Wiki kadhaa. Kwa jina hili, haitapokelewa kabisa.

Mama Mapacha aliikunja hundi, akatoka. Ilikuwa nusu yake ya nyumba ya marehemu mama yao, iliyouzwa na mdogo wake. Ilitakiwa ilale kwenye akaunti yake kabla hajaenda kuhuisha kibali cha kuishi, maana ugenini hawakuulizi una bidii kiasi gani, wanakuuliza una akiba kiasi gani. Kibali kikipatikana, angewaleta mapacha wake, walioachwa kwa bibi yao na sasa wako kwa mjomba wao, huyo huyo mdogo wake.

Alikuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akipiga pasi shuka. Wakati wa mapumziko alijibanza mlango wa nyuma, kati ya matoroli ya taulo chafu, akampigia mdogo wake simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umeandika nini kwenye hundi?"

"Nimeandika haki yako. Nusu kwa nusu, kama tulivyokubaliana. Nani kama mimi?"

"Jina, bwana. Umeandika jina gani?"

Akacheka. "Mama Mapacha. Kwani siku hizi unaitwa Malkia?"

"Fomu ya pasipoti yangu aliijaza nani?"

Kicheko kikakatika. Huyu mdogo wake alikuwa mhasibu wa ghala, na ndiye mwandishi wa ukoo mzima. Fomu za watu zote zilipitia mikononi mwake. Ile ya dada yake aliijaza kwa herufi kubwa, akamgombeza kwa kutokukumbuka mwaka wa kuzaliwa wa babu yao.

"Dada, mambo ni mengi. Mtu anasahau."

"Sawa, umesahau. Niingizie pesa kwenye akaunti leo. Namba unayo."

"Leo haiwezekani. Pesa... imezunguka kidogo."

"Imezungukia wapi?"

Honi ikalia kwenye simu, karibu kabisa. Kisha sauti ya mtoto, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe: "Mjomba, sasa zamu yangu! Naomba na mimi nipige!"

Mama Mapacha aliegemea toroli.

"Hilo gari la nani?"

"La biashara, dada. Litatufaa sote. Wewe irudishe hiyo hundi kwa posta, likianza kuingiza nitakuandikia nyingine."

"Yaani niliomba hundi, ukanipa karatasi."

"Usinivunjie heshima. Hao watoto wanakula kwangu, wanalala kwangu. Nimewahi kukudai?"

"Kila mwezi natuma."

"Unatuma pesa. Homa ikipanda usiku, pesa haimbebi mtoto. Namchukua mimi, mgongoni."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililouma. Mwizi mtupu unaweza kumlaani ukalala usingizi. Huyu alikuwa amemwibia kwa mkono ule ule aliombebea mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Hundi hairudi," akasema, akakata.

Ofisi ya uhamiaji haikumchukua muda. Ofisa alitazama salio, akatazama tena, akamwambia kwa upole haitoshi. Alimpa tarehe ya kuondoka. Mama Mapacha hakulia mbele yake; alimwomba kalamu, akasaini, akairudisha kalamu. Akiba ile ndogo ikanunua tiketi, ya mtu mmoja, ya kwenda tu.

Mwisho wa mwezi mdogo wake alipiga mwenyewe. Sauti ilikuwa tamu.

"Dada, mbona kimya? Mwezi huu hujatuma. Watoto wanadaiwa sare."

"Naja."

"Likizo? Tukuandalie chumba?"

"Narudi. Kibali kimekwisha."

Hesabu ile hata yeye mhasibu hakuwa ameipiga: kwamba dada aliyemdhulumu ndiye aliyekuwa akimtumia pesa.

"Sasa... sasa itakuwaje, dada?"

"Hundi yako ninayo. Huku hawamjui Mama Mapacha. Benki ya hapo mjini kwetu, kuanzia mlinzi mpaka meneja wananiita hivyo."

"Lakini kwenye akaunti yangu hamna kitu."

"Najua. Nitaiwasilisha hivyo hivyo, wanigongee muhuri kwamba haina pesa. Muhuri huo tutaupeleka mbele ya wazee, na wao wakishindwa, mahakamani. Gari lioshe, lisichakae."

"Dada! Mimi ni mdogo wako!"

"Ndiyo. Ungekuwa mgeni ungeandika jina kamili."

Akaizima simu. Shuka nyingine ilikuwa ikimsubiri mezani, nyeupe, ya kitanda asichokijua. Akaipiga pasi mpaka pembe zikakutana, maana zamu ilikuwa bado haijaisha.