Ndoo Nyeupe za Japheth

Kaka yangu Japheth ni dereva Riyadh, na mimi ninafanya kazi ya ndani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Kati yetu kuna safari ya usiku mzima. Mwaka huu alipopimwa afya akakutwa na sukari, bosi wake alimwambia bila kuzungushazungusha: hawezi kumwachia watoto mtu anayeweza kuzimia kwenye usukani. Alimpa miezi mitatu. Sukari isiposhuka, ni eksiti, viza ya kuondoka, arudi kwetu Kakamega.

Mimi sina subira na mwanamume anayejifanya mtoto. Nilimpigia simu nikamwambia soda mwisho, wali wa mafuta mwisho, chakula chake nitapika mimi. Madam alinikubalia kutumia jiko kila Alhamisi.

Nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, ndengu, kuku wa kienyeji nilipompata. Absalom wa kwetu, anayeendesha lori kutoka bandarini, ndiye aliyekuwa akibeba. Yeye pia ndiye aliyeniletea ndoo: nyeupe, nzito, mifuniko yake inakaza hadi harufu haitoki. Huko bandarini zilikuwa zimebeba dawa ya kusafishia mabwawa ya kuogelea. Nilizisugua kwa sabuni na ndimu mara tatu zikang'aa, nikajisifu. Chakula nilikifunika kikiwa bado kinachemka, vile mama alivyotufundisha, ili kisichache njiani. Halafu kilikaa kwenye lori lenye joto hadi Riyadh, na Japheth alikipasha humo humo ndani ya ndoo, kwenye maji ya moto.

Mwezi wa pili alipimwa tena. Sukari ilikuwa imepanda.

“Unakula mandazi kwa siri!” nilimfokea kwenye simu. “Mimi navunjika mgongo hapa, wewe unanidanganya.”

“Sijala mandazi, Serah.”

“Basi sukari imeingia kupitia dirishani?”

Aliniuliza Absalom atapita lini. Japheth asipojibizana mimi hupata nguvu zaidi, kwa hiyo nilimsema karibu kila siku.

Wiki iliyopita madam alikwenda Riyadh kwa harusi ya dada yake, akanichukua. Asubuhi moja aliniruhusu kutoka kwa muda wa saa tatu, nikamsindikiza Japheth kliniki. Nilikwenda kama askari, nihakikishe hamdanganyi daktari.

Daktari alikuwa mama wa Kisudani, mpole, miwani imeshuka puani. Alisoma karatasi, akamuuliza Japheth kwa Kiarabu, “Bado unakula kwenye zile ndoo?”

Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini ndoo naijua.

“Ndoo gani?” nilidakia. “Mimi ndiye ninayezituma.”

Alinitazama, akazungumza polepole ili nimfuate. Alisema plastiki ile ilitengenezwa kubeba dawa, haikutengenezwa kubeba chakula, na chakula cha moto huvuta vilivyomo kwenye plastiki. Baadhi ya kemikali za plastiki huvuruga homoni za mwili, na insulini, ile inayoshughulikia sukari, ni homoni pia.

“Siwezi kuapa kuwa ndizo zilizokupandishia,” alimwambia Japheth. “Sukari ina njia nyingi. Hata moshi wa magari unaovuta kutwa nzima huchangia. Ila mlango huu mmoja mnaweza kuufunga leo. Nilikwambia mwezi uliopita.”

Mwezi uliopita! Tulitoka nje, nikamkabili palepale kwenye kivuli cha ukuta.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na ukaendelea kula? Kazi iko hatarini, mwili uko hatarini, nakutukana kila siku, na wewe unakula tu?”

“Wee Serah, punguza sauti, watu wanaangalia.”

“Waangalie! Mbona hukuniambia?”

Alivua kofia, akaipangusa jasho ingawa haikuwa na jasho.

“Nakujua wewe. Ungesikia ni chakula chako, ungelia, halafu halas, mwisho, ungeacha kupika. Mimi chumba changu kiko kando ya gereji, sister. Naongea na bosi, na watoto wa bosi, basi. Ijumaa nikifungua hiyo ndoo, nyumba nzima inanuka kwetu. Nikasema, wacha anitukane, mradi aitume.”

Nilitaka kumpiga kofi, kweli. Badala yake nililia, tena kwa kelele, mbele ya walinzi wawili na mama aliyebeba mtoto. Mwezi mzima nilimwita mwongo, kumbe alikuwa akila chakula changu na matusi yangu, akinyamaza.

“Umebaki mwezi mmoja,” nilimwambia. “Absalom atabeba sufuria za chuma.”

“Zitamwagika.”

“Zimwagike. Utakula kitakachobaki.”

Alicheka kidogo, akauliza kama Alhamisi hii itakuwa githeri au ndengu.

“Githeri,” nilisema.